Kigoda cha Dunia

Ramani ya dunia iliyoning'inia darasani kwetu ilikuwa na tundu, na tundu hilo lilikuwa mahali pa nchi yetu. Halikutobolewa na panya wala na mwanafunzi mtundu. Lilitobolewa na kidole cha mwalimu wetu wa siasa, ambaye kwa miaka mingi, kila kipindi, aligonga pale pale akisema, "Hapa. Hapa pana kitu." Karatasi ikapauka, ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, na siku moja tukiwa kidato cha pili kidole kikapita. Alikitazama, akakichomoa polepole kana kwamba anakitoa kwenye kidonda cha mtu, akaendelea na somo. Tangu siku hiyo kila aliyeitafuta nchi yetu duniani aliona tofali la ukuta.

Mjini Sumbawanga watu walimwita Mwalimu wa Siasa, na hakuna aliyehitaji jina jingine. Wauza maharage wa mtaa wa Kizwite walimwita hivyo, padri alimwita hivyo, hata mama yake mzazi, siku alizomkasirikia, alimwita hivyo. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani, na mwaka mzima alivaa koti moja la kijivu na katambuga, vile viatu vya matairi. Mwezi Juni, upepo wa Ufipa unapokuja na baridi ya kupasua midomo, walimu wengine walifunga madirisha. Yeye aliyafungua yote. "Acheni dunia iingie," alisema, nasi tukakaa tukitetemeka, tukiisubiri.

Alikuwa na redio ndogo ya betri aliyoitundika begani kwa kamba ya katani. Kila alfajiri alizungusha kitufe akitafuta stesheni za ng'ambo zinazotangaza kwa Kiswahili. Habari za watu wengine hazikumshughulisha sana. Alitaka kusikia kama sisi tumetajwa. Tukitajwa, aliingia darasani na chaki tayari mkononi, akaandika kwenye pembe ya juu ya ubao kwa herufi kubwa: TUMETAJWA. Neno hilo halikufutwa mpaka jioni. Mwalimu wa hesabu alipanga hesabu zake pembeni yake. Siku ambazo hatukutajwa hakuandika kitu, na siku hizo tulijua tusimchokoze.

"Leo tumetajwa kwa nini, Mwalimu?" Deusi alimwuliza siku moja. Deusi alikuwa mtoto wa mnunuzi wa mahindi wa Laela, mfupi, mwenye ulimi mwepesi kuliko wote darasani.

"Ukame."

"Basi si afadhali wangetusahau?"

Tulicheka. Mwalimu wa Siasa naye alicheka, maana alimpenda Deusi kuliko alivyotaka kuonyesha, halafu akampa adhabu ya kumwagilia miche ya mikaratusi wiki nzima.

Familia moja ya wakimbizi ilipofika mjini kutoka Kabwe, huko ziwani walikovukia kwa mtumbwi, aliwapelekea blanketi lake. Hakuwa na la pili. Msimu mzima wa baridi alilala na koti, na asubuhi tuliona mikunjo ya usingizi mgongoni mwake. Lakini mtu huyo huyo aliacha kumsalimia jirani yake kwa mwezi mzima kwa sababu mama wa watu alisema mkate wa Zambia ni mtamu kuliko wetu. Alisema binadamu wote ni ndugu zake, na sikumwona hata mara moja akitembea na rafiki. Jioni alipita peke yake barabara ya mikaratusi, redio begani, akiinamisha sikio kama mtu anayesikiliza moyo wa mgonjwa.

Mimi nilimwamini. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu wapo wanaodhani sasa kwamba tulikuwa tunaitikia tu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, baba yangu alikuwa karani aliyehamishiwa huko kutoka Mbeya, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba pale nilipokaa, kwenye dawati lenye mguu mmoja mfupi, dunia ilikuwa inanihitaji. Yeye aliniambia. Nikirudi nyumbani kwa miguu niliona hata kuku wa majirani wana heshima fulani, kwa kuwa walikuwa kuku wa nchi yetu.

Ijumaa alasiri ilikuwa ya mdahalo, na mara moja kila muhula hoja ilikuwa ile ile: kwamba taifa moja laweza kuwa na wema ambao dunia haiwezi kuupata kwingine. Alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona shule nyingine yoyote. Kati ya upande wa kutetea na upande wa kupinga aliweka kigoda cha miguu mitatu, mguu mmoja umefungwa waya, alichokitoa nyumbani kwa mama yake. Tulipiga kura, na aliyeangukiwa alikaa pale, akawa Dunia. Dunia haikuruhusiwa kusema, kucheka wala kupiga makofi. Ilisikiliza. Mwishoni Mwalimu wa Siasa alifungua daftari lake lenye jalada jeusi, akauliza, "Dunia inasemaje?" Hapo Dunia ilisimama, ikasema ndiyo au hapana na sababu moja, naye akaandika. Hakubisha hata mara moja. "Dunia imesema," alisema akifunga daftari, hata iwe imesema nini.

Deusi alipinga kila mara, kwa kupenda mwenyewe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alianza, mikono nyuma, tumbo mbele, akimwigiza baba yake akipima mahindi, "Mjerumani alipopanda huku juu alisema nchi yake ina wema ambao haupo kwingine. Mwingereza akaja, akasema yule alikuwa mwongo, mwenye wema ni yeye. Leo ni zamu yetu. Nauliza tu, kuna nchi ambayo haijawahi kujiona hivyo? Kama ipo, nielekezwe, nikahamie."

Vicheko, madawati yakagongwa.

"Halafu, Mheshimiwa Mwenyekiti, nchi tunayoitetea hapa, kwenye ramani mimi siioni."

Hapo hata upande wa kutetea ulianguka kwa kicheko. Mwalimu wa Siasa, ambaye kwa taratibu zake mwenyewe hakutakiwa kusema, alisimama.

"We Deusi. Hao walikwenda kwa watu na bunduki. Sisi hatwendi kwa mtu. Tunakaa kwetu, tunaishi pamoja, tunagawana tulicho nacho, na anayetaka kuona aje aone. Nionyeshe nchi nyingine iliyojaribu kuwa njema kwa kukaa kwake tu."

"Mwalimu, kukaa kwake hata jiwe linakaa."

"Keti!"

Ila jibu lake lenyewe hakulitoa darasani. Alilitoa nyuma ya shule, siku moja ya Machi, na jembe mkononi. Kilimo cha Wafipa mimi nilikijua kwake. Mvua zinapoelekea mwisho, udongo ungali laini na nyasi bado mbichi, Mfipa hukata nyasi na udongo wake, akavigeuza juu chini na kuvirundika kuwa kilima cha mviringo kinachofika gotini. Hicho ndicho ntumba. Nyasi zinafukiwa ndani na kuoza humo kiangazi chote, na mvua za msimu unaofuata zinapoanza anakuja kukitawanya, akapanda ulezi kwenye udongo mweusi uliolishwa na nyasi zake wenyewe. Asiyetawanya kwa wakati amepoteza miaka miwili, ule wa kurundika na ule wa kuvuna.

"Nchi yetu ni ntumba ya dunia," alisema, akiegemea mpini. "Tunajifukia wenyewe. Tutaoza kidogo, tutanuka kidogo, watu watatucheka. Halafu dunia itapanda juu yetu na kula."

"Na ntumba yenyewe, Mwalimu, inapata nini?" Deusi aliuliza, na mara hii hakuwa anatania.

Mwalimu wa Siasa alinyanyua jembe. "Inatawanywa," akasema.

Mwaka wa operesheni, watu walipotakiwa kuacha vijiji vya zamani na kushuka kukaa pamoja kando ya barabara, kijiji cha akina Mwalimu wa Siasa kiligoma. Kilikuwa juu, kuelekea milima ya Lyamba lya Mfipa, nusu siku kwa miguu kutoka mjini. Hakuna aliyemtuma huko. Aliomba ruhusa mwenyewe, akapanda kwenda kuwasemesha watu wake, na aliporudi alitusimulia yote darasani, macho yakimeta.

Alisema nao siku mbili. Siku ya pili mama yake alisimama mbele ya mkutano.

"Mwanangu, huko barabarani kuna ntumba?"

"Hakuna, Mama. Kutakuwa na trekta."

"Trekta inaoza?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu wa Siasa aliwaacha wamalize. Ilikuwa Agosti, ntumba za kijiji kizima zilikuwa mashambani, zinaoza, na chakula cha mwaka unaofuata kilikuwa humo. Akamwambia mama yake mbele yao wote: "Mvua ya kwanza ikinyesha nitakuja mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nizitawanye ntumba zako. Zote arobaini."

Yule mama akaketi. Baadaye akasema, "Haya, Mwalimu wa Siasa," akaanza kufunga vyungu vyake. Alipokubali yeye, kijiji kilikubali. Vijana wa operesheni walipopita wakishusha nyasi za mapaa ili mtu asirudi, Mwalimu wa Siasa alipanda juu ya nyumba ya mama yake, akalishusha paa mwenyewe, asije akalishika mgeni. Hilo pia alitusimulia kwa fahari. Nami nililisikia kwa fahari, nikaliandika kwenye daftari langu la siasa, nikalipigia mstari.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa Novemba, usiku kucha. Asubuhi tulimtazamia aombe ruhusa. Aliingia na chaki mkononi. WAGENI WANAKUJA, aliandika, na chini yake: TUTATAJWA.

Wageni walikuwa watu wa nchi mbalimbali waliokuwa wakizunguka kuona vijiji vipya, na kati ya vyote kilichaguliwa kile cha akina Mwalimu wa Siasa. Yeye ndiye angekuwa mkalimani. Wangefika baada ya siku tatu.

"Na ntumba, Mwalimu?" nilimwuliza nje ya darasa. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Siku tatu, binti wa karani. Siku tatu si kitu."

Siku ya wageni tulipelekwa kwa lori kuimba. Nyumba zilikuwa zimesimama mistari miwili kando ya barabara, kuta bado na unyevu, na trekta ilikuwa haijafika. Wazungu, Wahindi na Waafrika wa nchi nyingine waliteremka wakikanyaga matope kwa uangalifu. Mwalimu wa Siasa alitafsiri kama mtu aliyeshikwa na homa. Sijawahi kumwona mzuri namna ile. Mama mmoja mgeni, mwenye kofia ya kitambaa na kalamu shingoni, aliuliza kama angeweza kuzungumza na mkazi mzee kuliko wote.

"Huyo ni mama yangu," Mwalimu wa Siasa akasema, akakimbia mwenyewe kumwita.

Nyumba ilikuwa tupu. Nilikuwa nimesimama karibu, kwenye safu ya mbele ya wanakwaya, nikamwona akitoka. Alitazama ukutani mahali jembe linapoegemezwa. Akatazama juu, kule milimani, ambako mawingu yalikuwa yameshuka mpaka chini. Kisha akarudi kwa mgeni wake akitabasamu.

"Amekwenda shambani," akatafsiri.

Wageni wakapiga makofi. Mama mwenye kalamu akaandika.

Angeweza kuondoka saa ile. Aliendelea kuwatembeza mpaka jioni, akiwaonyesha mahali pa zahanati, mahali pa shule, mahali pa trekta, na kila alipopanua mkono kuonyesha mahali patupu aliipa milima mgongo. Alipanda milimani kesho yake alfajiri. Alimkuta mama yake katika ile nyumba isiyo na paa, ameketi pembeni penye ukuta mrefu kidogo, kanga na blanketi vyote vimelowa, anahema kwa kukoroma. Alikuwa ametawanya ntumba saba. Alishushwa kwa machela. Hakumaliza wiki.

Kuhusu jambo hilo Mwalimu wa Siasa hakutusimulia kitu. Tulilijua kutoka kwa waliobeba machela.

Muhula mpya ulipoanza alirudi darasani na koti lile lile. Ijumaa ya mdahalo ikafika, akaiandika ubaoni hoja ile ile. Tulimtuma kiranja amwombe abadilishe. Akakataa. Tukapiga kura, nami nikaangukiwa kigoda. Nilikaa juu ya kile kigoda cha mama yake, mguu wenye waya ukilia kila nilipovuta pumzi.

Upande wa kutetea ulisema mambo mafupi, ya haraka, macho chini. Zamu ya Deusi ikafika. Alisimama. Mikono haikwenda nyuma.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, upande wa kupinga hauna la kusema."

"Unalo," Mwalimu wa Siasa akasema kutoka mwisho wa darasa.

"Sina, Mwalimu."

"Unalo, Deusi. Mjini kote wanalo. Liseme."

"Shikamoo, Mwalimu. Sisemi." Ilikuwa saa tisa alasiri na walikuwa wameshasalimiana tangu asubuhi, lakini ndivyo alivyosema, shikamoo, akaketi, akafunika uso kwa mikono yake mifupi.

Basi Mwalimu wa Siasa akaja mbele, akasimama upande wa kupinga, akaisema mwenyewe ile hoja. Aliisema vizuri, kwa mpangilio, kama alivyotufundisha. Alisema palikuwa na mwanamke aliyeahidiwa. Alisema siku tatu. Alisema saba kati ya arobaini. Alisema kwamba nchi inayojitazama jinsi inavyotazamwa haiwezi kuona mtu akitoka nyumbani kwake na jembe. Kisha akavuka darasa hatua nne, akapita mbele ya magoti yangu, akasimama upande wa kutetea. Alisema kidogo, na kwa kunong'ona.

"Kama wema wetu ni wa kawaida," alisema, "kama ni ule ule ambao kila nchi inao, huku kidogo, kule kidogo, basi nilimtoa mama yangu kwake kwa ajili ya kitu kilichokuwepo kila mahali. Haiwezekani. Lazima uwe wa pekee. Mnanielewa? Lazima."

Akafungua daftari.

"Dunia inasemaje?"

Darasa zima lilinitazama. Ndiyo ilikuwa kinywani mwangu, ningeweza kuitoa, na sasa najua kwamba mtu yeyote mwenye huruma angeitoa. Hapana nayo ilikuwepo, nzito vile vile. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba hakuwa anauliza kwa ajili ya mdahalo. Alikuwa ananiuliza kama anaweza kuendelea kuishi. Nilisimama, kigoda kikaanguka nyuma yangu, nikakimbia nje mpaka kwenye mikaratusi.

Mwaka huo huo baba alihamishwa, nikaondoka Rukwa.

Nilirudi miaka michache iliyopita, wakati wa foleni za sabuni na sukari. Laela, basi liliposimama, nilimkuta Deusi akinunua mahindi, mnene, mpole, asiye na utani. Ndiye aliyenieleza kwamba Mwalimu wa Siasa ameacha kazi, amerudi kule juu peke yake. "Mpelekee betri," aliniambia. "Kitu kingine hataki." Mjini nilizitafuta siku nzima, nikapata mbili.

Ilikuwa Septemba. Milima yote ilikuwa ya rangi ya nyasi kavu. Nilimwona kutoka mbali, ameinama, akiwa amevaa lile koti, jembe likipanda na kushuka. Alikuwa anarundika ntumba. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu, kila bonge alilogeuza lilipasuka na kuwa vumbi, na nyasi zilizotoka zilikuwa zimekauka zamani. Haziozi hizo, zitakaa humo kama zilivyo mpaka mchwa wazile. Hakuna Mfipa anayelima ntumba Septemba. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Nilihesabu vilima vyake mpaka nikaona aibu, nikaacha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Binti wa karani." Hakushangaa. Alizipokea betri, akazigeuza mkononi, akazitia mfukoni. "Bado tunatajwa?"

"Mara moja moja."

"Kwa nini?"

Nilianza kupangusa vumbi kwenye viatu vyangu. Akatikisa kichwa, ilikuwa imemtosha.

Nyumba ilikuwa imeezekwa tena, vibaya, kwa mikono isiyozoea. Aliingia, akatoka na kigoda, akakiweka juani mbele ya mlango, akanionyesha nikikalie. Mguu ulikuwa na waya mpya. Kisha akaingia tena, akatoka na daftari jeusi, akafungua ukurasa wenye mstari mmoja usio na maandishi. Alikuwa na penseli fupi kama kidole cha mtoto.

"Uliondoka bila kusema," akasema. "Mimi siwezi kufunga daftari hivi. Dunia inasemaje?"

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimetunga majibu. Mengine yalikuwa mazuri. Nilikaa pale nikitazama vile vilima vya vumbi, na sikuona hata moja linaloweza kusimama mbele yake.

"Mwalimu," nikasema, "Dunia haikuwepo siku ile. Kwenye kigoda nilikuwa mimi tu."

Penseli ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Na siku nyingine? Wale wengine?"

"Tulikuwa sisi tu, Mwalimu. Siku zote tulikuwa sisi tu."

Aliinamisha sikio kidogo, kama zamani barabarani na redio yake. Upepo ulipita, ukabeba vumbi la ntumba ya karibu na kulimwaga kwenye nyasi. Akafunga daftari bila kuandika.

"Amka basi," akasema. "Nikiingize ndani. Jua litakipasua."

Niliamka. Alikichukua kigoda cha mama yake, akakipangusa vumbi pale nilipokuwa nimekaa, akaingia nacho, akarudisha mlango nyuma yake.